Nusu ya Nini

Wodi ya nne, Cardiff, Februari.
Mvua inalamba madirisha tangu alfajiri.
Muuguzi ana fomu, na kalamu inayogoma kutoa wino.
"Asili yako, Bi Olwen? Hapa nina visanduku kumi na vinane."
Olwen Gittens, miaka tisini na mmoja, nyonga mpya ya chuma,
anajibu kama mtu anayetaja mtaa aliozaliwa:
"Andika hafukasti, mwanangu. Ndivyo tulivyo sisi wa Bandarini."

Kalamu ikasimama.
Carys, mjukuu, mwalimu wa darasa la sita,
uso ukamwaka kama sufuria iliyosahauliwa motoni.
"Bibi, neno hilo halisemwi tena. Limekufa."
"Limekufa lini? Mbona sikualikwa mazikoni?"

Wiki iliyopita tu Carys alimtoa mvulana darasani
kwa neno hilohilo. Mtoto alilia: hakujua,
amelisikia kwa babu yake, kwenye mechi ya raga.
Akamwandikisha mara ishirini, *mchanganyiko, mchanganyiko*,
hata neno lile safi likaanza kunuka saruji,
koleo tatu za mchanga, ndoo ya maji.

Husemwa nusu shari, kuliko shari kamili.
Lakini nusu ya nini?
Mama yake Olwen alikuwa binti wa mchimba makaa wa Merthyr,
baba yake, mtu wa Barbados, mchochea tanuri za meli.
Jumamosi mkwe na mkwewe walioga kwenye karai moja,
na maji yakamwagwa uani, meusi,
hakuna jirani aliyeweza kusema haya ni ya nani.

Olwen akaomba pochi yake.
Picha: wasichana saba, sketi za mikunjo, mpira wa netiboli,
magoti yenye makovu.
Nyuma, kwa penseli: *Hafukasti wa Bandarini 11, Mtakatifu Anna 4.*
"Aliyemnyang'anya mwizi kisu," alisema, "hakitupi baharini.
Hukatia mkate."
Akacheka mpaka mashine ya moyo ikalalamika.

Kisha akanyamaza.
"Ila Idris, kaka yangu. Alipiga hesabu hata usingizini.
Mkaguzi wa shule aliandika: hafukasti, hafai ofisini, apelekwe melini.
Kwa mhuri mwekundu.
Akaenda. Barua zake zilirudi, yeye la.
Sasa mwanangu unaniuliza kama ni tusi.
Mimi nililiandika kwa penseli."

Carys hakuwa ameuliza.

Nami ninayeandika haya kwa Kiswahili
nilitafuta neno la kuweka mahali pa lile.
*Chotara* likaja mbio, na nyuma yake
kuku wa mayai mengi, ng'ombe wa lita ishirini.
*Suriama* likaja polepole, likiburuta mlango
wa nyumba ambamo mama hakuulizwa kitu.
Nimeyarudisha kabatini yote mawili.
Ufunguo sikuupata.

Chai ikaletwa. Olwen akatia maziwa, akakoroga,
akamtazama mjukuu juu ya miwani:
"Na usithubutu kuniletea mfano wa chai."

"Basi niandike nini?" akauliza muuguzi,
akiipiga kalamu kwenye kiganja. Ana wagonjwa wengine tisa.
Carys akafungua kinywa, akakifunga.
Olwen tayari anasinzia, picha kifuani,
wasichana saba wakipanda na kushuka na pumzi yake.

Jumatatu atamwita yule mvulana.
Hajui bado atamwambia nini.
Labda ataanza kwa kumwomba ile karatasi,
yenye mistari ishirini,
na wa kumi na saba ambao mtoto alikosea herufi
akaufuta kwa kidole kilicholowa mate
hadi karatasi ikatoboka.